Dar es Salaam ya Saa Nne Asubuhi

Kwa kawaida mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, au kwa hiari kuanzia miaka 55. Kwa mkazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, siku hiyo hubadilisha jambo ambalo barua ya kustaafu hailitaji: saa anayouona mji wake. Mtu aliyefanya kazi Posta, Kariakoo au bandarini huku akilala Mbagala, Charambe, Tegeta au Bunju, kwa miaka 30 ametoka nyumbani saa 10:30 alfajiri na kurudi saa 2 usiku. Mtaa wake ameujua kwa taa za vibanda vya chipsi, kwa mbwa wa jirani na kwa mashimo ya njia ambayo miguu iliyakariri gizani. Siku za mapumziko zilikwenda kwenye ibada, misiba na vikao vya harusi. Jumatatu ya kwanza baada ya kukabidhi ofisi, akitoka nje saa 4 asubuhi, hukuta mtaa mgeni.

Ugeni huo hautokani na usahaulifu. Mji wenyewe haukumsubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya Agosti 2022 ilihesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka 10, na wengi wao hawakupata nafasi Upanga wala Oysterbay, bali huko huko pembezoni alikojenga mstaafu. Mikorosho iliyokuwa mpaka wa kiwanja chake imegeuka fremu za maduka. Hata wilaya imeweza kubadilika yeye akiwa amelala kitanda kile kile: Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke, katikati ya miaka ya 2010, mkazi wa Sinza aliamka si mtu wa Kinondoni tena, na wa Mjimwema si wa Temeke.

Wapo wanaorudi kijijini, kama desturi ilivyotaka. Wengi, hata hivyo, hubaki. Wana nyumba, wana wajukuu wanaosoma karibu, na hospitali ziko mjini. Nyumba hiyo, mara nyingi iliyojengwa tofali kwa tofali kwa mikopo ya SACCOS, ndiyo mahali pazuri pa kuanzia kuujua mji, kwa kuwa karibu kila mtaa wa Kinondoni na Temeke ni ukurasa wa historia ya upangaji miji. Magomeni, Ilala na Temeke zilipata kota za Waafrika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipolazimika kukubali kwamba mfanyakazi Mwafrika angekaa mjini na familia yake. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, mradi ambao pia uliingiza barabara na maji Manzese, na baadaye Tandika na Mtoni, badala ya kubomoa. Kisha ukaja mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, ambao ndio uliowapeleka watumishi wengi Bunju, Mbweni, Toangoma na Mtoni Kijichi wakati huko bado kulikuwa pori. Mstaafu anayelalamika kwamba Sinza barabara zake zimenyooka na Tandale hazikunyooka ana jibu lake hapo: moja ilipimwa kabla ya watu kujenga, nyingine watu walitangulia.

Magomeni Kota zenyewe ni somo peke yake. Nyumba za zamani zilivunjwa, wapangaji wakaondolewa, eneo likakaa tupu kwa miaka, na mwaka 2022 yakazinduliwa maghorofa ya kaya 644 yaliyokusudiwa wale wale waliohamishwa. Aliyepita hapo kila siku ndani ya basi aliona mabati ya uzio tu. Anayepita kwa miguu leo hukuta wazee wanaojua nani alikaa nyumba ipi kabla haijavunjwa.

Lakini hazina kubwa zaidi ya pembezoni haiko kwenye majengo. Iko kwenye majina ya vituo. Makonda huyatamka mamia ya mara kwa siku, abiria huyasikia kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati, na hakuna anayeuliza. Mtoni kuna kituo kinachoitwa Kwa Azizi Ali. Aziz Ali alikuwa mkandarasi na tajiri wa zama za ukoloni, na mwanawe Dossa Aziz alikuwa miongoni mwa wajumbe 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954. Maelfu ya watu wa Mbagala huteremka kila jioni katika jina la baba wa mwasisi wa chama kilichodai uhuru, wakifikiria nyanya na mkaa.

Sinza kuna Kwa Remmy. Huyo ni Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kongo aliyekuja Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970, akaongoza Super Matimila na kufariki Desemba 2010. Nyumba yake ilikuwa hapo, na kituo kikamrithi. Mji huu, inafaa kusemwa, hutoa heshima kwa njia zake: mawaziri hupewa barabara kwa kibao cha chuma, mwanamuziki hupewa kituo na makonda, na cha makonda ndicho kinachotajwa zaidi. Kinondoni nako kuna Biafra, jina lililotoka kwenye vita ya Nigeria ya 1967 hadi 1970. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Dola hiyo ilikufa zamani, lakini viwanja vyake vya mpira na mikutano viko Kinondoni hadi leo. Na ng'ambo ya maji, katika eneo lililokuwa Temeke, kuna Gezaulole, Kizaramo cha “jaribu uone”, jina la kijiji cha ujamaa lililochukua nafasi ya Mbwamaji ya kale. Wazaramo ndio waliokuwa wenyeji wa pwani hii kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza kujenga Dar es Salaam pembeni ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, na lugha yao imebaki zaidi kwenye majina kuliko midomoni.

Kuna jina jingine, hili la fedha. Neno daladala lenyewe lilitokana na dala, sarafu ya shilingi tano, iliyokuwa nauli mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983 kwa sababu UDA, shirika la mabasi la umma, lilikuwa limezidiwa. Anayestaafu sasa alikuwa kijana wakati huo, na huenda aliilipa dala hiyo kwa mkono wake.

Sehemu za kutembelea zipo, na nyingi si mbali na nyumbani. Magomeni, Mtaa wa Ifunda, ipo nyumba ndogo aliyoishi Julius Nyerere wakati wa harakati za uhuru, nayo sasa ni makumbusho. Ukubwa wake huwashangaza waliozoea nyumba za viongozi wa leo. Temeke kuna Uwanja wa Uhuru, ambao mashabiki huuita Shamba la Bibi: hapo ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Kando yake umesimama Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007 na kuchukua watu 60,000. Siku ya Simba na Yanga haufai kwa mtu anayetafuta utulivu. Siku nyingine eneo hilo lina nafasi ya kutosha ya kutembea. Mbele kidogo, Barabara ya Kilwa, ni viwanja vya Sabasaba, ambavyo wafanyakazi wengi wamevijua kwa msongamano wa Julai tu.

Kaskazini, upande wa Kinondoni, magofu ya Kunduchi ndiyo yanayostahili safari maalumu. Ni msikiti wa karne ya 15 au 16 na makaburi ya baadaye yenye nguzo, na katika nguzo hizo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Kwa maneno mengine, kabla ya Dar es Salaam kuwepo, palikuwa na Waswahili wa Kunduchi walioweza kununua vyombo kutoka Bara la Asia na kuvitumia kuwapamba wafu wao. Mahali hapo ni kimya, na watu wa Tegeta waliojenga kilomita chache tu kutoka hapo hupita Barabara ya Bagamoyo miaka nenda rudi bila kukata kona. Pwani ya Kunduchi yenyewe ina mnada wa samaki, na boti za kwenda kisiwa cha Mbudya, ambacho pamoja na Bongoyo na visiwa vingine viwili kimo katika hifadhi ya bahari tangu 1975. Kwa mstaafu mwenye pensheni ya kawaida boti ni anasa ya mara moja kwa mwaka. Mnada wa samaki ni bure, na huchangamsha zaidi.

Usafiri, ambao ulikuwa adui wa maisha ya kazi, hugeuka rafiki. Kati ya saa 4 na saa 8 mchana konda yule yule aliyekuwa akiwasukuma watu mlangoni huita kwa upole: “Mzee, siti ipo, dirishani.” Dirisha ni jambo kubwa. Mtu aliyesafiri amesimama miaka 30 ameona mabega ya watu. Aliyekaa dirishani anaona Keko na makochi yaliyopangwa kando ya barabara, anaona Chang'ombe na ghala zake. Mwendokasi ya Barabara ya Morogoro, iliyoanza Mei 2016, hutoka Kimara hadi Kivukoni, na hapo kuna pantoni ya Kigamboni. Kuvuka maji kwa pantoni bila haraka ya kuwahi kazi ni mojawapo ya starehe za bei nafuu kabisa mjini, ingawa tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Kurasini mwaka 2016 wenye magari wengi wameisahau.

Mtaani kwenyewe uvumbuzi huanzia kijiweni. Muuza kahawa hugonganisha vikombe, kashata zimo kwenye ndoo, drafti iko mezani, na mada ni usajili wa Simba au bei ya saruji. Mgeni kijiweni hata kama ana nyumba mtaa huo kwa miaka 20 bado ni mgeni. Hupokewa kwa shikamoo, lakini hupimwa. Wenye vyeo vya juu ofisini ndio huchelewa kuzoea, kwa kuwa kijiwe hakina sekretari. Anayepata shida ndogo kuliko wote ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye anapotembea Tandika au Mwananyamala hukuta mji ulikuwa ukimjua siku zote: fundi cherehani, konda wa Gongo la Mboto, nesi wa zahanati, wote waliwahi kukaa mbele yake, na kila mmoja ana kisa cha fimbo. Wanawake wastaafu, kwa jumla, huingia mtaani upesi kuliko wanaume. Vikoba, shughuli na misiba vilikwishawaunganisha na majirani kabla ya mafao kutoka.

Ofisi ya serikali ya mtaa nayo huwatafuta wastaafu. Wanajua kuandika muhtasari, wana muda, na wanajua mpaka wa kiwanja cha nani ulikuwa mwembe upi. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022, iliyobandika namba kwenye nyumba na kutoa majina ya mitaa isiyokuwa nayo, ilionyesha thamani ya kumbukumbu hizo: pasipo mzee wa kuulizwa, mtaa huitwa jina lolote.

Vikwazo vipo na si vidogo. Fedha ni cha kwanza. Kikokotoo cha mafao kimekuwa kilio cha wafanyakazi tangu 2018. Mkupuo wa kwanza uliwekwa asilimia 33 mwaka 2022, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa baadhi ya wanachama. Kiinua mgongo hicho huwindwa na kila mtu, na sehemu yake kubwa huishia kwenye banda la kuku wa mayai lililojengwa kwa haraka, ambalo humfunga mstaafu uani kuliko ofisi ilivyowahi kumfunga. Cha pili ni mji wenyewe: njia za waenda kwa miguu ni chache, bodaboda hupita pande zote, mitaro iko wazi, na masika barabara za ndani za Mbagala na Tandale huwa vidimbwi. Jua la saa 7 si la kuchezea kwa mwenye shinikizo la damu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali za umma zina dirisha la wazee. Kulijua dirisha hilo liko wapi katika zahanati ya kata ni sehemu ya kuujua mji kama ilivyo kuyajua magofu.

Kwa anayetaka pa kuanzia, Kijitonyama panatosha. Makumbusho ya Kijiji yalianzishwa hapo 1966, yakakusanya nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, msonge wa Wahaya ukiwa miongoni mwake, katika uwanja mmoja wenye miti. Kituo cha daladala kilichochukua jina lake kiko mwendo mfupi kwa miguu, na jina hilo limebandikwa vioo vya mbele vya mabasi ya pande zote za mji, Mbagala ikiwamo. Mtanzania hulipa sehemu ndogo tu ya kiingilio cha mgeni. Wengi wa wanaoshuka kituoni hapo hawajawahi kuingia ndani.