Je, Wajua? Reli, Makontena na Mambo ya Ajabu ya Bara la Changamwe

Mgeni wa Mombasa huonyeshwa Ngome ya Yesu, Mji wa Kale na pembe za ndovu za Barabara ya Moi. Leo tuviache hivyo. Vuka Makupa twende bara, upande wa Changamwe, Port Reitz na Miritini, kwenye viwanda, matangi ya mafuta na milolongo ya malori. Ukitaka kujua vitu na watu husafiri vipi Afrika Mashariki, hakuna darasa kama huku.

Reli ya kwanza Afrika Mashariki ilivutwa na nyumbu

Kabla Mwingereza hajatandika chuma Mombasa, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alikuwa na reli yake. Mwaka 1879 alijengewa njia ya takriban kilomita 11 kutoka kasri lake Mji Mkongwe hadi Chukwani. Mabehewa yake ya kifahari yalivutwa na nyumbu, wale wazao wa punda na farasi, mpaka kichwa cha mvuke kilichoagizwa Uingereza mwaka 1881 kilipofika. Sultani alifariki 1888 na njia hiyo ikang'olewa. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, yaani Unguja ilikuwa imekwisha panda treni na kushuka kabla Mombasa haijaanza.

Mombasa iliwahi kuwa na magari ya reli ya kusukumwa na watu

Tena kwa miaka mingi. Kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani kabla ya serikali ilianza kutandika reli nyembamba ya kuelekea bara mnamo 1890, ikaishiwa na pumzi baada ya kilomita chache tu. Vyuma vyake havikutupwa. Vilitandikwa kwenye mitaa ya kisiwani, juu yake vikawekwa viti vyenye kipaa cha kukinga jua, na vijana wenye nguvu wakawa ndio injini. Wakubwa wa serikali na wafanyabiashara walikuwa na magari yao binafsi na wasukumaji wao, hadi motokaa zilipoingia na kuwaondoa barabarani. Huo ndio uliokuwa usafiri wa reli wa kwanza wa abiria mjini Mombasa, na fundi wake mkuu alikuwa msuli wa mtu.

Chukua leso uipime reli

Reli ya zamani, ile ya mwaka 1896, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ina milimita 1,435. Kama huna futi, tandaza leso: upana wake unaizidi kidogo reli ya zamani, na urefu wake unaizidi kidogo SGR. Tofauti ni ndogo hivyo, lakini inatosha kuzuia behewa la reli moja lisipite kabisa kwenye nyingine. Waingereza walichagua mita moja kwa sababu India ilikuwa na vichwa, mabehewa na mafundi wa kipimo hicho tayari. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka huko, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Ukienda TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, utakuta kipimo cha tatu, milimita 1,067. Afrika Mashariki ina reli nyingi zisizoweza kusalimiana.

Kwa miongo kadhaa Mombasa haikuwa kisiwa kamili

Nalipenda sana jambo hili. Treni za kwanza zilivuka kutoka kisiwani hadi bara kwa daraja la mbao la muda, lenye urefu wa karibu nusu kilomita, lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Baadaye Makupa ikajazwa mawe na udongo kuwa tuta la kupitisha barabara na reli. Tuta lilirahisisha safari ya Changamwe, lakini lilikata bahari: maji ya hori la Tudor na yale ya upande wa Port Reitz hayakukutana tena hapo. Ukisimama kando ya tuta uliona maji yamelala, taka zimejikusanya, mikoko imedhoofu.

Agosti 2022 lilifunguliwa daraja jipya la Makupa, lenye urefu wa mita 457, na tuta likaondolewa. Bahari ikapata njia yake, na Mombasa ikarudi kuwa kisiwa cha kuzungukwa na maji pande zote. Si mara nyingi mradi wa barabara unairudishia bahari kitu ilichonyang'anywa.

Stesheni kuu ya Mombasa iko Miritini, na paa lake ni mawimbi

Tangu SGR izinduliwe tarehe 31 Mei 2017, abiria wa Nairobi hashukii tena mjini. Anashukia bara, Miritini, kwenye jengo la duara ndani ya duara lililozunguka mnara mmoja, kama maji yanavyotawanyika ukirusha jiwe baharini. Wachoraji walikusudia hasa hivyo. Kila stesheni ya njia hii ilipewa sura ya mahali pake: ya Miasenyi, kwa mfano, ina milia ya punda milia, kwa kuwa iko jirani na Tsavo.

Safari ya kilomita 472 ambayo kwa treni ya zamani ilikula usiku kucha na kipande cha asubuhi, sasa ni kama saa tano, kwa mwendo wa hadi kilomita 120 kwa saa. Lakini ngoja treni ifike ndipo uone hesabu nyingine. Behewa hadi behewa, Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, inaweza kushusha zaidi ya watu 1,200 kwa mpigo. Kwa tuktuk ya abiria watatu, hizo ni tuktuk 400 zinazohitajika kwa dakika ileile, na kila abiria ana begi, wengine wana gunia. Ndiyo maana mlangoni pa Miritini makondakta na madereva huita kwa sauti zote walizo nazo.

Treni moja ya mizigo ni malori 54

Treni ya makontena ya SGR hubeba hadi makontena 108 ya futi 20. Lori likibeba mawili, hesabu inakuja malori 54. Yapange moja nyuma ya jingine kutoka mzunguko wa Changamwe kuelekea Miritini uone foleni itafika wapi. Treni za mizigo zilianza kazi mwanzoni mwa 2018, na reli inaingia mpaka ndani ya bandari, upande wa bara, bila kugusa kisiwa.

Port Reitz ni jina la kijana aliyetawala Mombasa kwa miezi michache tu

Luteni John James Reitz wa jeshi la maji la Uingereza aliachwa Mombasa mwaka 1824 awe gavana, baada ya Wamazrui, watawala wa mji, kuomba ulinzi wa Waingereza. Mwaka huohuo homa ilimuua. Serikali yake haikudumu, ila jina lake limebaki kwenye maji, mtaa, hospitali na yadi ya reli.

Mafuta ya kwanza ya Kenya yalifika Changamwe, lakini hayakusafishwa

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Kwa nusu karne kiliipa Kenya na majirani petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 1978 bomba la kwenda Nairobi, lenye urefu wa kilomita 450, lilianza kupitisha mafuta na kuichukulia reli sehemu kubwa ya mzigo wake. Usafishaji ulisimama mwaka 2013.

Sasa tazama mambo. Mafuta ghafi ya Turkana yalipoanza kuchimbwa kwa majaribio, yalisafirishwa kwa malori zaidi ya kilomita 1,000 hadi kwenye matangi ya kiwanda hichohicho. Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 ilipakiwa melini, ikaenda zake ng'ambo ikiwa ghafi. Kiwanda kiliyasafisha mafuta ya wageni miaka 50. Ya nyumbani yalipokuja, kilikuwa ghala.

Likoni na Kisauni hazina reli, ila zimejua madaraja yanayoelea

Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937 na siku hizi inatajwa kuvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku. Ili Madaraka Express ibebe umati huo, ingehitaji safari 250. Wakati wa korona liliwekwa daraja la miguu la kuelea pale Liwatoni, lenye kipande cha katikati kinachofunguka meli ipite. Wengi walilishangaa kama jambo jipya kabisa, kumbe watu wa Nyali na Kisauni walikuwa wakivuka juu ya daraja la kuelea tangu 1931, hadi daraja la sasa la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980.

Stesheni ya ghorofani hujengwa kwa ajili ya lori lililo chini

Addis Ababa ilifungua reli nyepesi ya umeme Septemba 2015, njia mbili zenye vituo 39. Pale zinapokutana katikati ya mji, treni hupita juu ya nguzo na abiria hupanda ngazi kwenda kuzisubiri; njia ya kusini inaishia Kality, mtaa wa viwanda. Dar es Salaam nayo, tangu Juni 2024 treni za umeme za SGR zinaingia mjini kwa kupita juu ya barabara, hadi kwenye stesheni yenye umbo la tanzanaiti. Na nje kidogo ya Kuala Lumpur, eneo la viwanda la Glenmarie lina stesheni ya juu inayohudumiwa na treni zisizo na dereva hata mmoja.

Kwa nini juu? Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.6. Liweke kwenye trela, unakaribia mita 4 kutoka lami. Reli ikipita chini, kila treni inafunga barabara na kila foleni ya malori inafunga treni. Ipandishe mita sita, na kila mmoja anaendelea na safari yake. Mtaa wa viwanda ndio wenye malori mengi na wafanyakazi wengi kwa pamoja, kwa hiyo ndio unaofaidi zaidi. Ukiwa Changamwe saa kumi na moja jioni, umekwama kati ya trela mbili, hoja hii haihitaji mchoro.

Reli kuukuu inaweza kubeba mji

Oktoba 2012, Dar es Salaam ilianzisha treni ya abiria kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa kwenye reli ileile ya zamani ya mita moja. Watu wakaibatiza Treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Nairobi, kituo cha Syokimau kilifunguliwa mwaka huohuo, na Imara Daima ikapata kituo chake kando ya viwanda. Hata abiria wa SGR anayeshukia Syokimau huunganishwa na katikati ya jiji kwa treni ya reli ya zamani.

Mombasa nayo, Shirika la Reli limekuwa likifufua reli ya zamani na kuiunganisha na Miritini, ili abiria afike mjini bila kugusa barabara. Njia hiyo inapita Changamwe. Wenye kupanga ratiba, ipangeni kwa saa za zamu za viwandani na bandarini, si kwa saa za Madaraka Express peke yake. Wafanyakazi wa kujaza mabehewa hayo wapo tayari, asubuhi na jioni, na leo wengi wao wanatembea kwa miguu.