Frank Robinson, mchezaji aliyepewa timu

Katika besiboli, wachezaji watatu husimama mbali nyuma, kwenye majani, wakidaka mipira mirefu. Frank Robinson alikuwa mmoja wao. Alianza Cincinnati mwaka 1956, na msimu huohuo akapiga mipira 38 iliyovuka ukuta wa uwanja. Mwishoni mwa 1965, akiwa na miaka 30, wakubwa wa timu walimwona anazeeka. Wakampeleka Baltimore, wao wakapewa wachezaji watatu. Mwaka uliofuata akavusha 49 na Baltimore ikawa bingwa. Sijui ni uzee gani huo!

Lakini mimi namhesabia zaidi tarehe 8 Aprili 1975. Jackie Robinson, ambaye si ndugu yake, aliwafungulia wachezaji Weusi mlango wa ligi kuu mwaka 1947. Ikapita miaka 28 Weusi wakiruhusiwa kupiga na kukimbia. Kuongoza timu, hapana. Siku ile Cleveland iliingia uwanjani chini ya Frank, kocha mkuu ambaye bado alikuwa mchezaji. Alijiandika mwenyewe kwenye orodha ya wapigaji, na zamu yake ya kwanza mpira ukavuka ukuta. Cleveland ikaishinda Yankees 5-3. Mwaka 1977 wakamfukuza. Mwaka 1989, akiongoza Baltimore, alichaguliwa kocha bora wa ligi yake.