Keti Kwanza, Upige Hesabu

Somo: Luka 14:28–30

 

Katika somo letu Bwana Yesu anasimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Mwenye busara hutulia kwanza akapima kama fedha alizo nazo zatosha. Asiyepima huishia kwenye msingi, na kila apitaye njiani humcheka. Mara nyingi tumelihubiri somo hili juu ya gharama ya kumfuata Kristo, na hiyo ndiyo maana yake hasa. Lakini Bwana hakuokota mfano wake hewani. Aliwajua wasikilizaji wake, na wao waliujua uchungu wa mjenzi aliyeishiwa. Leo twataka kusema juu ya mfano wenyewe: kuketi, kushika kalamu, na kupiga hesabu.

Miaka michache iliyopita, katika parishi tuliyokuwa tukiitumikia, mzee mmoja wa kanisa aliacha kuja ibadani. Alikuwa seremala, mtu wa bidii, na sauti yake nzito ilijulikana katika kwaya. Jumapili moja hakuonekana, ya pili vile vile, na ya tatu tukaanza kusikia kwamba amepoa kiroho. Twaungama kwamba tuliliamini neno hilo upesi, hata tukahubiri juu ya watu wanaorudi nyuma.

Mwezi ulipotimia tukaenda nyumbani kwake. Randa na misumeno yake havikuwapo, alikuwa ameviuza. Akatuambia, "Mchungaji, sikumwacha Mungu. Nawakwepa watu. Mle kanisani wako wanne wanaonidai, nami siwezi kuwapa mkono wakati wa kupeana amani."

Kisha akatuonyesha simu yake. Alikuwa na mikopo mitano ya simu, na kila mmoja aliuchukua ili kulipa uliotangulia. Tukamwuliza wa kwanza ulikuwa wa nini. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ni ile ahadi ya harambee ya mabati, Mchungaji. Jina langu lilisomwa mara mbili mbele ya watu."

Aliyelisoma jina hilo ni sisi.

Baraza la kanisa lilipokutana tuliamua mambo mawili. La kwanza, majina ya walioahidi yasisomwe tena hadharani. La pili, tuanzishe mafundisho mafupi juu ya fedha, yaliyo wazi kwa kila mtu, Mkristo na asiye Mkristo. Yalikuwa ya Jumamosi sita, saa nane mchana hadi saa kumi, watu wakiisha kutoka shambani na sokoni. Waliofundisha walikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, karani wa chama cha akiba na mikopo, na mama mmoja mwenye duka. Tuliweka masharti matatu: hakuna atakayelazimishwa kutaja madeni yake mbele ya wengine; hakuna mgeni atakayekuja kuuza kitu; na kila fundisho liishe kwa kazi ya kufanya nyumbani. Twayaeleza hapa ili kanisa au kikundi chochote kipate kuyaanzisha.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya kuandika. Kila mtu alipewa daftari dogo aandike kwa siku saba kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, hata ya chai na ya kiberiti. Mama mmoja muuza mboga aliamini kwamba hupata faida ya shilingi 400 kwa siku, maana alinunua kwa 1,100 akauza kwa 1,500. Alipoandika nauli 100, mkokoteni 50, ada ya soko 50, na mboga zilizooza za 80, akaona kilichobaki ni 120. Hakuwa mvivu wala mbadhirifu. Alikuwa hajapata kutenganisha fedha za kibanda na fedha za nyumba, na kwa hiyo kila jioni alikuwa akila mtaji wake bila kujua.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya riba, na hapo tulikaa zaidi, kwa maana ndipo wengi wanapoumia. Mwalimu alimwaga maharagwe mezani. Akasema: Mtu amekopa shilingi 12,000 za kulipa kwa miezi 12, akirudisha 1,000 ya deni kila mwezi, na riba ni asilimia 1 kwa mwezi. Je, atalipa riba kiasi gani? Wengi wakajibu, 1,440. Akasema, hilo ni jibu moja, lakini yako mawili. Kama riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza atalipa 120, wa pili 110, wa tatu 100, mpaka wa mwisho 10. Jumla yake ni 780. Lakini kama inahesabiwa kila mwezi juu ya zile 12,000 za mwanzo, kana kwamba hajarudisha kitu, ndipo hufika 1,440. Asilimia ni ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi, lakini mzigo wa pili unakaribia kuwa maradufu ya ule wa kwanza. Basi, anayekopa na aulize swali hili kabla ya kutia sahihi: riba yahesabiwa juu ya deni lililobaki, au juu ya deni la mwanzo?

Kisha wakaja kwenye mikopo ya simu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, mkopo wake ulikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Asilimia 7.5 yaonekana ndogo. Juu ya shilingi 2,000 ni shilingi 150 tu, na aliyeamkiwa na mtoto mgonjwa usiku akalipa mwisho wa mwezi, pengine amesaidika kweli. Lakini mtu anayelipa leo akakopa tena kesho, mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, amelipa 150 mara 12, yaani 1,800, na bado zile 2,000 ziko shingoni mwake. Mwalimu alipomaliza kuyahesabu maharagwe hayo, ukumbi ulinyamaza. Wazee wetu walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Jumamosi ya tatu ilihusu akiba na kupanda kwa bei. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kina tundu. Mwaka 1993 bei katika Kenya zilipanda kwa karibu asilimia 46. Aliyeficha shilingi 1,000 chini ya godoro kwa mwaka kama huo alizikuta zote, lakini ziliweza kununua vitu ambavyo mwaka uliotangulia vingenunuliwa kwa shilingi 685 hivi. Hakuibiwa na mtu, na hata hivyo amepungukiwa. Kwa hiyo anayeweka akiba hulinganisha mambo mawili: riba anayopewa, na kasi ya bei kupanda. Tulifundishwa pia hesabu moja nyepesi: gawanya 72 kwa asilimia ya riba ya mwaka, nawe utapata karibu idadi ya miaka ambayo fedha huchukua kuwa maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12; kwa asilimia 12 ni miaka 6. Na madeni hukua kwa hesabu hiyo hiyo.

Jumamosi ya nne ilikuwa ya ushirika. Karani alitusimulia habari za wafanyakazi wa Rochdale, Uingereza, wengi wao wafumaji, ambao mwaka 1844 walichanga fedha kidogo kidogo wakafungua duka lao. Waliuza unga na siagi kwa kipimo cha haki, na hawakuuza kwa mkopo. Faida waligawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja, na sehemu yake wakaitenga kwa ajili ya mafundisho na vitabu. Tangu wakati huo elimu ya wanachama imekuwa mojawapo ya kanuni za ushirika ulimwenguni. Vyama vyetu vya akiba na mikopo ni wajukuu wa duka lile, na katika Kenya vina sheria yao ya mwaka 2008. Katika vingi vyao mwanachama hukopa hadi mara tatu ya akiba yake, akiwa na wadhamini.

Hapo swali la wadhamini likawasha moto. Watu wengi hutia sahihi kwa sababu ya haya, kwa kuwa aliyeomba ni shemeji au jirani. Lakini mdhamini amefunga akiba yake mwenyewe. Mkopaji akishindwa, yeye hulipa. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 6, kinamhimiza aliyejifunga hivyo afanye haraka kujinasua. Hatusemi msidhaminiane. Twasema, usidhamini deni usiloweza kulilipa wewe mwenyewe bila kumchukia ndugu yako.

Jumamosi ya tano ilikuwa ya ulaghai. Mwaka 2007 hivi, miradi ya upatu wa piramidi ilipoanguka katika Kenya, maelfu ya watu walipoteza akiba zao, na baadhi ya miradi hiyo ilikuwa imepitia milango ya makanisa. Mwalimu aliionyesha kwa kuzidisha tu. Mtu mmoja alete watu 6, na kila mmoja wao alete 6. Hatua ya pili ni 36, ya tatu 216, ya nne 1,296. Ikifika hatua ya kumi watahitajika watu wapya zaidi ya milioni 60. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 katika Kenya nzima, pamoja na watoto wachanga. Basi mradi kama huo hauvunjiki kwa bahati mbaya. Umezaliwa umevunjika, na wa mwisho kuingia ndiye anayelipa wa kwanza. Anayekuletea utajiri wa namna hiyo akiwa na Biblia mkononi, mwombe kalamu mzidishe pamoja.

Jumamosi ya sita kila mtu aliandika mpango wake. Mwenye madeni aliyaorodhesha yote, akaweka alama penye riba kubwa kuliko yote, ili hilo lilipwe kwanza huku mengine yakilipwa kidogo kidogo. Tulijifunza pia kwamba kumwendea mwenye kudai kabla ya siku ya kulipa huleta mapatano ambayo kumkwepa hakuleti. Na tangu mwaka 2022 kuna kanuni za Benki Kuu ya Kenya juu ya wakopeshaji wa simu: yawapasa kuwa na leseni, na wamekatazwa kumtishia mdaiwa au kupigia simu jamaa na rafiki zake ili kumwaibisha.

Wapenzi, tusidanganyane. Hesabu haijazi chungu kitupu. Yuko mama aliyeandika siku zote saba kwa uaminifu, na mwisho daftari likasema tu kwamba kipato chake hakitoshi chakula. Huyo hakuhitaji fundisho juu ya kubana matumizi. Alihitaji kazi yenye ujira wa haki na ndugu wa kumsaidia. Ole wetu tukimwambia maskini kwamba yeye ni maskini kwa kuwa hajui kuhesabu. Watu wa siku za Nehemia waliweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, na Nehemia hakuwafundisha kuweka akiba. Aliwakemea wakuu waliokuwa wakiwatoza riba. Yako madeni ya kufundisha, na yako madeni ya kukemea. Na kanisa lianze kwa kujikemea lenyewe.

Kumbukeni yule mjane katika 2 Wafalme sura ya 4, ambaye mwenye kumdai alikuja kuwachukua wanawe wawili. Elisha hakumwuliza kwa nini alikopa. Alimwuliza ana nini nyumbani. Wakaanza na chupa moja ya mafuta, vyombo vya majirani vikaazimwa, deni likalipwa, na masalio yakawa riziki yake na ya wanawe. Mungu alitenda muujiza, lakini alianzia kwenye hesabu ya kile kilichokuwapo, na hakumwaibisha.

Yule fundi seremala? Hakuja Jumamosi ya kwanza wala ya pili. Ya tatu aliketi karibu na mlango. Tulimwomba msamaha, si faraghani tu bali mbele ya baraza lililosikia jina lake likisomwa. Tulipohamishwa kutoka parishi ile alikuwa amemaliza mikopo mitatu kati ya mitano, na amenunua randa moja, kuukuu. Wawili kati ya wale wanne waliomdai walikubali alipe kwa kazi, akawatengenezea milango. Jumapili yetu ya mwisho, wakati wa kupeana amani ulipofika, tuliona ametoka mahali pake karibu na mlango, akaja mpaka safu za mbele, akawapa watu mkono.

Basi msikilizaji, jioni ya leo keti. Chukua kalamu. Mwite mumeo, au mkeo, mwandike pamoja yaliyoingia na yaliyotoka. Na kama katika hesabu hiyo kuna mtu unayemwepuka, anza kwake.

Tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya kuona tulicho nacho, moyo wa kulipa tunachodaiwa, na ulimi usiomwaibisha mwenye deni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.