Kamba Ukingoni mwa Mto

Wahenga walinena: maji usiyoyafika hujui wina wake. Neno hilo lawahusu hasa wakazi wa Mlangali na vijiji vingine vya Ludewa, mkoani Njombe, ambako vijito vingi huporomoka milimani kuelekea mto Ruhuhu, nao Ruhuhu humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Watoto huoga humo, kina mama hufua, na wakulima huvuka kwenda mashambani. Hapana awezaye kuwaambia waache mto wao. Lakini yatupasa kuzijua tabia zake.

Kwanza, jua lisitudanganye. Wakati wa mvua, baina ya Novemba na Aprili, mvua yaweza kunyesha huko juu mlimani hali mahali tunapooga ni pakavu. Maji yakigeuka tope ghafula, au yakianza kuchukua majani na vijiti, tokeni upesi mpande juu.

Pili, mto usipimwe kwa kina peke yake. Mwendo wa maji ukizidi mara 2, msukumo wake huzidi mara 4. Ndiyo sababu mtu mzima aweza kuangushwa na maji yafikayo magotini tu.

Tatu, kuna baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, mtu akijitosa kwa ghafula katika maji ya nyanda hizi, mwili hushtuka, akavuta pumzi bila hiari, na maji yakamwingia kifuani. Heri aingie polepole kwa miguu. Tena hapo hataupiga mwamba kwa kichwa.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Msiba huzidi pale mwokozi naye anapokufa. Aonaye ndugu yake anazama hujitupa majini kwa mapenzi. Yule mwenye hofu humkumbatia shingoni, wakazama wote wawili. Basi okoeni mkiwa ukingoni: lala kifudifudi umnyooshee ufito, au mrushie dumu tupu lenye kizibo, lililofungwa kamba. Akitolewa hapumui, msimning'inize miguu juu. Mlazeni chali, inueni kidevu chake, mbaneni pua na kumpulizia pumzi mdomoni, kisha mkandamize kifua chake. Fanyeni hivyo kwa zamu huku mwingine akikimbilia msaada wa zahanati.

Kwa hiyo kila kijiji na kichague mahali pa kuogea penye maji matulivu, na watoto wasiende huko bila mtu mzima wa kuwaangalia. Na katika kila kivuko itundikwe kamba na dumu lake, wala pasiwe na mtu wa kuviazima kwa kazi ya nyumbani. Gharama yake ni ndogo, na kijiji chaweza kuilipa kwa mchango wa siku moja. Mvua hazingoji mkutano wa pili. Kamba na itundikwe kabla hazijaanza.