Hofu ya Mbwa Mdogo Haitibiwi kwa Mnyororo

Aghalabu mwenye mbwa mdogo anayekuja kwangu kutafuta shauri haanzi kwa kunieleza mbwa wake anaogopa nini, bali huanza kwa kuniuliza ni mnyororo wa namna gani utakaomkomesha. Na swali hilo, ambalo nimeulizwa na watu wa elimu na wa heshima katika kila mtaa wa Dar es Salaam ambako mbwa hawa sasa wanafugwa ndani ya nyumba, limejengwa juu ya msingi ulio batili, kwa hiyo kila jibu litakalotolewa kwa mujibu wake litakuwa batili vilevile. Mbwa wa kilo 3 anayegoma kizingitini, anayejirusha nyuma asikiapo bodaboda, anayebweka mpaka sauti ikamkauka kwa kumwona mbwa mwingine ng'ambo ya barabara, hana ukaidi wa kukomeshwa. Ana hofu, na hofu haipungui kwa kuongezewa maumivu.

Itikadi ninayoipinga husema kwamba kila mbwa, hata awe mdogo kiasi cha kuenea kikapuni, hukaa na binadamu kwa nia ya kumtawala. Kwamba kuvuta kamba ni uasi. Na kwamba mtu asiyemshtua mbwa wake shingoni kwa mnyororo wa kukaba amemwachia mnyama enzi ya nyumba. Chimbuko la maneno haya linajulikana. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alitoa maandishi juu ya mbwa mwitu wa Ulaya aliowatazama katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, nao walikuwa wamefungiwa pamoja mahali ambapo aliyeshindwa hakuwa na njia ya kumkimbia aliyemshinda. Wakagombana, na mshindi akahesabiwa kuwa mtawala. Waliosoma habari za wafungwa hao wakazifanya kanuni ya mbwa mwitu wote, kisha wakazihamishia kwa mbwa wa nyumbani bila ya kuuliza kama zinamhusu. Hata L. David Mech wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilisaidia sana kuieneza dhana hiyo, baada ya kuwafuatia mbwa mwitu walio huru kwa misimu 13 ya kiangazi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya Kanada, alitangaza mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao, na kwamba wazazi huongoza kwa sababu ni wazazi, si kwa sababu wamewashinda wengine vitani. Ikiwa mtaalamu aliyeieneza dhana ameirudi mwenyewe kwa ushahidi, sioni udhuru wa mwalimu wa mbwa wa leo kuendelea kuifundisha na kuilipisha ada.

Lakini tuiache nasaba ya mbwa mwitu, tutazame jambo lenyewe linalotendeka barabarani. Mbwa mdogo amwonapo mbwa mkubwa hubweka ili amweke mbali. Mwenyewe humkaza shingo. Mbwa husikia maumivu wakati uleule macho yake yakiwa juu ya kile anachokiogopa. Hajui kwamba maumivu yametoka mkononi mwa mtu anayempenda, na wala hawezi kufikiri kwamba anatiwa adabu kwa sababu ya kubweka. Anachokihifadhi moyoni ni kwamba kila atokeapo mbwa mkubwa shingo huuma, na kwa hiyo safari ya pili ataanza kutaharuki mapema zaidi, kwa umbali mkubwa zaidi. Na ikiwa kipigo ni kikali kiasi cha kumnyamazisha, hali huwa mbaya kuliko mwanzo, kwa kuwa mngurumo ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kutotoa onyo huuma bila ya kutanguliza neno. Hapo ndipo huletwa kwangu nikaambiwa kuwa amebadilika ghafla, ilhali mabadiliko hayo yamefunzwa siku baada ya siku kwa mkono wa mwenyewe.

Kuna na hoja ya mwili, na hii nawasihi wasomaji waizingatie hata kama hawakukubali neno jingine langu. Njia ya pumzi ya mbwa hushikwa wazi na pete za gegedu zisizokamilika, zilizofungwa kwa utando upande wa mgongo. Na katika jamii ndogo kama Yorkshire Terrier, Pomeranian, Chihuahua na Maltese, gegedu hizo zina tabia ya kulegea, njia ikabapa, mnyama akashikwa na kikohozi kikavu kinacholia mfano wa bata bukini. Mkono wa mtu wa kilo 70, ukivuta kwa ghadhabu shingo ya mnyama wa kilo 3, hautoi adabu. Unafinya mfereji ambao maumbile yenyewe yaliuacha dhaifu. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2006 ulionyesha kwamba mbwa avutapo kwa mkanda wa shingo shinikizo la ndani ya jicho hupanda, na avutapo kwa mkanda wa kifua halipandi vile. Na kwa wale wenye nyuso bapa na macho yaliyotokeza, kama Pug na Shih Tzu, kukabwa shingo kwa nguvu kwaweza hata kulitoa jicho tunduni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza kumtia mnyama mateso yasiyo ya lazima, nami sijapata kuona lazima yoyote katika mnyororo wa kukaba.

Wapo wanaouepuka mnyororo wakaangukia kosa lililo ndugu yake, nalo ni kumbeba mbwa mwoga mpaka Kariakoo saa za msongamano ili azoee kwa mara moja. Mnyama akiacha kutetemeka na kusimama kama aliyeganda, husema amezoea. La, amekata tamaa. Njia iliyo kinyume cha hiyo ina ushahidi wa miaka mingi: Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliwalisha paka waliotiwa hofu mbali na chumba walichokiogopa, akawasogeza kidogo kidogo kila walipokula kwa utulivu, na mwaka 1958 akaieleza kanuni hiyo katika kitabu kwa ajili ya kuwatibu binadamu. Kinachomponya mbwa wako ni hicho hicho: kitisho kwa kipimo kidogo, pamoja na chakula kizuri. Dawa za binadamu za kuleta usingizi msimpe kabisa, kwani mwili waweza kulegea na hofu ikabaki palepale, achilia mbali zile zinazoua. Dawa za wasiwasi zipo, nazo hutolewa na daktari wa mifugo baada ya kumpima.

Basi fanyeni hivi. Nunueni mkanda wa kifua usiopita kooni, unaobana kiasi cha vidole viwili kupenya, na kamba ya kawaida ya meta 2. Ile inayojiviringa kwenye kibweta iacheni, kwa kuwa humwachilia mbwa katikati ya barabara. Mbwa anayejua kujichopoa kwa kurudi nyuma afungwe kwa vishikizo viwili, kimoja kifuani na kimoja kwenye mkanda wa shingo wenye namba ya simu. Anzeni sebuleni, kabla ya chakula: mvikeni, mpeni vipande vya maini ya kuchemsha visivyozidi punje ya mahindi, mvueni. Kamba ikikaza simameni. Ikilegea endeleeni na mtoe zawadi. Hamieni uani, kisha langoni, kisha barabarani alfajiri, dakika 5 zatosha. Akilamba midomo, akipiga miayo pasipo usingizi, akifyata mkia, au akikataa maini, mmekaribia mno. Rudini nyuma mpaka ale. Ili kupima joto la lami, iwekeeni mgongo wa mkono kwa sekunde 7. Msipostahimili, naye hatastahimili. Mbwa wa mitaani wakisogea, simameni baina yao na wenu, watupieni konzi ya chakula, ondokeni bila ya kukimbia. Kumnyanyua mbwa mdogo wakati wa hatari ya kweli si kumdekeza. Kumnyanyua kila hatua ni kumnyima nafasi ya kujifunza. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akiwa na miezi 3, na irudiwe kama daktari atakavyoagiza. Na yeyote atakayeumwa na mbwa, awe wake au wa mtu, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kamba, pamoja na kumhifadhi mnyama, ni haki ya jirani. Katika miji ya pwani yetu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi, na mtu aliyekwisha kutawadha kwenda msikitini hastahili kurukiwa nguo kwa kisingizio kwamba mbwa ni mdogo na hana madhara. Vilevile mtoto anayeogopa ana haki ya kupita kwa amani. Kwa hiyo fupisheni kamba, tokeni njiani, mpeni mpita njia nafasi: umbali unaomsitiri jirani ndio unaompa mbwa mwoga utulivu wa kujifunza.

Mwisho, wako mbwa ambao, hata baada ya miezi ya subira na mafunzo sahihi, hawataweza kupita sokoni wala kukaa mgahawani miguuni pa mwenyewe, na wenye mbwa hao huniuliza kwa huzuni kama wameshindwa. Hawakushindwa. Mbwa anayezunguka uwanja mtulivu kila asubuhi, kamba ikiwa imelegea na pua yake ikinusa majani bila ya fadhaa, anapata yote ambayo matembezi yanaweza kumpa; haja ya kumpitisha penye umati ni ya fahari yetu, si ya afya yake, na mtu mwenye insafu huiacha.