Mkopo wako wa nyumba ukiuzwa kwa benki nyingine, je, utatozwa faini ya kulipa mapema?

Umelipia nyumba yako ya Membley au ile ploti ya Makongeni miaka minne sasa, kila mwezi kwa simu, bila kukosa. Halafu unaletewa barua: mkopo wako umehamia benki nyingine. Unaisoma mara mbili, kisha unajiuliza: kama hawa wapya wamewalipa wale wa zamani deni lote, si hiyo ni kulipa mapema? Na ile faini iliyoandikwa kwenye mkataba, nani ataitoa?

Wateja wetu wa Thika na Ruiru hutuuliza swali hili mara kwa mara, kwa hivyo hebu tulijibu vizuri. Jibu fupi ni hili: benki ikiuza mkopo wako, wewe hujalipa mapema, na hakuna faini. Ukiuhamisha mwenyewe, hapo tozo inaweza kuwepo, lakini sheria imeiwekea kipimo.

Benki ikiuza yenyewe

Mikopo kuhama kutoka benki hadi benki si jambo geni Kenya. Januari 2010, mikopo ya Savings and Loan iliingia KCB. Agosti 2018, SBM Bank ilichukua sehemu ya mali na madeni ya Chase Bank, iliyokuwa imewekwa chini ya mrasimu tangu Aprili 2016. Mwaka wa 2019, NIC na CBA ziliungana zikawa NCBA.

Pesa zinazopita kati ya muuzaji na mnunuzi wa mikopo ni biashara yao wawili. Deni lako halijafutwa, limebadilisha mwenyewe tu. Salio ni lile lile, miezi iliyobaki ni ile ile, na mkataba uliotia sahihi ndio unaoendelea. Anayenunua mkopo hununua haki alizokuwa nazo muuzaji, si zaidi ya hapo. Kama mkataba wako haukuwa na tozo ya kulipa mapema, mwenye mkopo mpya hawezi kuichomeka kwa sababu amefika juzi.

Na riba je? Kama mkataba unasema riba inaweza kupanda na kushuka, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 84, inataka upewe notisi ya maandishi ya siku 30 au zaidi, ikieleza kiwango kipya kwa lugha inayoeleweka. Simu ya afisa wa mikopo haitoshi.

Usichanganye jambo hili na KMRC, ile kampuni iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka wa 2020. KMRC huzikopesha benki na sacco pesa za muda mrefu ili nazo zikopeshe wananchi kwa riba nafuu. Ukisikia mkopo wako una pesa za KMRC, unaendelea kulipa pale pale ulipokopa.

Ukihama mwenyewe

Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kushusha riba yake ya msingi, kutoka asilimia 13 hadi asilimia 9.5 ilipofika Agosti 2025. Watu wengi waliokopa riba ikiwa juu wakaanza kutafuta benki au sacco ya kuwanunulia mkopo. Hapa wewe ndiwe unayeomba deni lifungwe kabla ya wakati, na hapa ndipo tozo hutokea.

Kifungu cha 85 cha Sheria ya Ardhi kinasema mwenye ardhi iliyowekwa rehani ana haki ya kulipa deni lote na kuifungua rehani hiyo. Mkataba unaomnyima haki hiyo, au unaomfunga mikono asiitumie, hauna nguvu hapo. Kinachoruhusiwa ni mkataba kukutaka utoe notisi ya mwezi mmoja, au ulipe kiasi kisichozidi riba ya mwezi mmoja, pamoja na gharama nyingine halali zilizo kwenye rehani. Kifungu cha 86 nacho kinakuruhusu kuomba kwa maandishi rehani ihamishiwe mkopeshaji unayemtaja.

Riba ya mwezi mmoja. Yashike maneno hayo, kwa sababu mkataba unaweza kuja na asilimia 2 au 3 ya salio lote, na watu hulipa bila kuuliza.

Tupige hesabu ya mfano. Uko Ruiru, una salio la Sh4,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Riba ya mwaka ni Sh600,000. Gawa kwa 12, unapata Sh50,000. Hicho ndicho kipimo. Tozo ya asilimia 3 ingekuwa Sh120,000. Tofauti ni Sh70,000, na hiyo ni karo ya shule au mabati ya nyumba ya pili.

Endelea kidogo. Benki mpya inakupa asilimia 13. Umeokoa asilimia 2, yaani kama Sh80,000 mwaka wa kwanza, na kiasi hicho kitapungua kadiri salio linavyoshuka. Lakini kuhama kuna gharama zake: wakili, mthamini wa nyumba, ada ya kuandaa mkopo mpya, na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 kwenye rehani mpya, ambao kwa Sh4,000,000 ni Sh4,000. Tuseme zote pamoja ni Sh110,000. Ukiongeza tozo ya Sh50,000, umetumia Sh160,000, na itakuchukua miaka miwili au zaidi kidogo kuzirudisha. Kwa tozo ya Sh120,000 gharama inafika Sh230,000, na miaka inakaribia mitatu. Kama umebakisha miaka miwili kumaliza deni, afadhali utulie.

Kama ni nyumba ya ndoa, kumbuka pia kwamba mume au mke wako lazima akubali rehani mpya. Zungumzeni nyumbani kabla wakili hajaandika chochote.

La kufanya kabla ya kulipa chochote

Kwanza, omba barua ya kumaliza deni. Iwe na tarehe, salio la mtaji, riba hadi siku utakayolipa, na kila tozo kwenye mstari wake. Ukiona neno "ada nyinginezo", uliza ni zipi.

Pili, toa mkataba kabatini. Tafuta kipengele cha kulipa mapema, kisha ulinganishe na riba ya mwezi mmoja. Ikizidi, andika barua ukitaja kifungu cha 85, na umwonyeshe wakili kabla ya kutuma pesa. Benki ikisema ada imepanda, iulize kama ina idhini: chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki, haiwezi kuongeza ada zake bila idhini ya Waziri. Wasipokusikiza, peleka malalamiko Benki Kuu. Kwa sacco, nenda SASRA.

Tatu, usibadilishe nambari ya Paybill kwa sababu ya ujumbe wa simu tu. Walaghai hupenda sana msimu wa benki kuuzana. Subiri barua kutoka kwa mkopeshaji wako wa zamani, au ingia tawini uthibitishe. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini.

Nne, deni lote halitalipika kwa simu. Kikomo cha muamala mmoja ni Sh250,000, na cha siku ni Sh500,000. Awamu za kila mwezi zinapita bila shida, lakini kufunga mkopo kunapitia benki kwa benki. Na ukituma pesa za ziada ili kupunguza mtaji, andikia benki siku hiyo hiyo kwamba ni za mtaji. Ukinyamaza, wanaweza kuzihesabu kama awamu ya mwezi ujao, na riba yako ibaki pale pale.

Tano, deni likiisha, usikae na risiti pekee. Fuatilia hadi rehani iondolewe kwenye rejista ya ardhi, Thika au Ruiru kulingana na mahali ploti yako imesajiliwa, na hati yako ikurudie mkononi. Kisha fanya utafutaji rasmi uone kwamba iko safi.

Taarifa za malipo uliyofanya kupitia kwetu unaweza kuzitoa kwenye programu yetu wakati wowote. Zipakue kabla mkopo haujahama na uzihifadhi. Benki mpya ikisema ulikosa awamu ya Machi, uwe na cha kuonyesha.