"Hamna Kitu" Inavyobomoa Nyumba: Jipime Akili Yako ya Hisia

Ukiulizwa "kuna nini?" huku moyo unachemka, unajibuje? Wengi wetu tunasema "hamna kitu", halafu tunanuna wiki nzima.

Chukulia wenzi wawili wa Kyela. Mume ana kazi mpakani Kasumulu, mke anafundisha mjini. Mume kauza mpunga, fedha yote kampelekea kaka yake bila kumshirikisha mkewe. Mke kajua, kanyamaza. Sasa wanakula meza moja kama abiria wasiojuana. Hapo tatizo si pesa tena. Angeweza kusema: "Ulipotoa fedha bila kuniambia, nilijiona sihesabiki humu ndani."

Kuijua hisia yako, kuisoma ya mwenzako na kuzitumia vizuri ndiyo akili ya hisia. Wanasaikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliifafanua mwaka 1990. Kitabu cha Daniel Goleman cha 1995 kikaitangaza duniani.

Lakini Wanyakyusa hawakuwasubiri. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi nao miaka ya 1930, aliandika kwamba waliamini hasira iliyofichwa moyoni huleta maradhi kwa ndugu. Ili kupatana kweli, ilibidi itamkwe. Kunyamaza hakukuwa kusamehe. Walithamini sana ukwangala, yaani kukaa pamoja na kuongea kwa raha, na kinyongo ndicho kinachouua.

Haya, jipime. Jibu ndiyo au hapana:

1. Ukikasirika, unaweza kutaja hasa kilichokuuma?
2. Unatofautisha mwenzi wako akinyamaza kwa uchovu na akinyamaza kwa hasira?
3. Unaacha hasira ishuke kabla ya kutuma meseji?
4. Unamsikiliza hadi mwisho bila kuandaa jibu?
5. Mkigombana, huwa unaanza wewe kutafuta suluhu?

Ndiyo nne au tano: uko fiti. Mbili au tatu: kuna kazi. Chini ya hapo: usikate tamaa, uwezo huu unajengwa kwa mazoezi.

Ila usijipongeze haraka. Asiyejijua ndiye hujipa maksi nyingi! Kwa hiyo mpe mwenzi wako maswali hayohayo, akujibie wewe. Pale majibu yenu yanapopishana, ndipo pa kuanzia maongezi ya leo jioni. Simu ziwekeni pembeni.